Tiketi ya Usiku: Unanunua Nafasi au Unanunua Sherehe?

Mara nyingi ni saa nne usiku. Spika za Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney kule Florida, zinatangaza kwamba bustani imefungwa, na umati unaanza kumiminika kuelekea langoni. Wachache wanabaki nyuma, wala hawana haraka. Watazame mikononi: wamevaa utepe wa karatasi wenye rangi moja. Hao wamelipa tiketi ya pekee, na kwa saa tatu zinazofuata, hadi saa saba usiku, bustani ni yao. Mpango huo, Disney After Hours, ulianza mwaka 2016 kwa dola 149 kwa kichwa, na wakati ule wengi waliuona kama mzaha. Leo usiku wa namna hiyo unauzwa takriban dola 150 hadi 200 kabla ya kodi, na tarehe zinazopendwa hujaa mapema.

Kama bei hiyo inafaa au haifai ni swali linaloulizwa kila siku, na majibu hugongana kwa sababu wanaojibu hawazungumzii kitu kimoja. Chini ya jina la "matukio ya usiku" bustani za burudani huuza bidhaa mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni nafasi: tiketi chache, michezo ya kupanda iliyo wazi, foleni fupi, basi. Ya pili ni sherehe: gwaride, fataki, mavazi, wahusika wasioonekana mchana, pipi. After Hours ni ya aina ya kwanza. Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, Mickey's Very Merry Christmas Party na Oogie Boogie Bash ya California ni za aina ya pili. Anayenunua sherehe akitarajia nafasi hurudi hotelini amenuna. Anayenunua nafasi akitarajia gwaride, hali kadhalika.

Tuanze na nafasi, maana hapo ndipo hesabu inapowezekana.

Chukua Seven Dwarfs Mine Train, mchezo wa treni wa Magic Kingdom. Treni yake moja hubeba watu 20. Tuseme inaondoka moja kila sekunde 45: hizo ni safari 80 kwa saa, watu 1,600. Mchana, wale 1,600 hawatoki kwenye foleni moja. Kuna mlango wa Lightning Lane, wa waliolipia kupita haraka, na huo huchukua sehemu kubwa ya viti. Foleni ya kawaida hupewa makombo. Ndiyo maana unaweza kusimama mahali pamoja dakika kumi huku treni zinaondoka zimejaa mbele ya macho yako. Usiku wa After Hours mlango huo haufanyi kazi. Watu wamepungua, na pia kila kiti kinakwenda kwenye foleni moja. Kwa hiyo usiipime foleni ya usiku kwa macho. Urefu ambao mchana ungekugharimu dakika 60, usiku unaweza kuisha kwa 15 au 20, kwa kuwa inatembea bila kusimama. Watu wengi huona mkia wa foleni umetokeza nje ya mlango, wakageuka, wakapoteza nafasi waliyoilipia.

Kuna upande wa pili ambao matangazo hayausemi. Umati ukipungua, bustani nayo inaweza kupunguza magari yanayozunguka. Space Mountain, mchezo mwingine wa Magic Kingdom, una njia mbili za reli, na kila roketi hubeba watu sita tu, wakipangana mmoja nyuma ya mwingine. Roketi chache zikiondolewa, au njia moja ikisimama, foleni inarudi kuwa ya dakika 20 hata kama bustani inaonekana tupu. Hapo hujadanganywa. Idadi ya viti imeshushwa ilingane na idadi ya watu, na ukilijua hilo hutashangaa kukuta mchezo wa "foleni sifuri" una foleni.

Sasa pesa. Chukua tiketi ya dola 175. Katika kaunti ya Orange, Florida, kodi ya mauzo ni asilimia 6.5, kwa hiyo unalipa dola 186.38. Watu wanne: dola 745.50. After Hours haina bei ya mtoto; wa miaka mitatu analipa sawa na babu yake, na walio chini ya hapo tu ndio wanaoingia bure. Ukiwa na dakika 180, na kila mchezo ukakula dakika 5 za kutembea, 8 za foleni, 3 za kuendeshwa na 2 za kutoka, unapata michezo kumi. Hiyo ni chini kidogo ya dola 19 kwa mchezo. Anayetembea kwa mpango hufika 12. Anayezurura, akipiga picha mbele ya kasri na kusubiri watoto watoke chooni, hupata sita, na kila mmoja unamgharimu dola 31.

Ghali? Linganisha na njia nyingine za kukwepa foleni. Mchana, Lightning Lane Multi Pass ya Magic Kingdom, yaani ya kupita haraka kwenye michezo kadhaa, siku ya watu wengi hukaribia dola 40 au kupita kwa mtu mmoja, na michezo miwili inayotafutwa kuliko yote, yaani TRON Lightcycle / Run na hiyo Seven Dwarfs, huuzwa mmoja mmoja, kwa kawaida kati ya dola 10 na 25. Jumla inapita dola 70 kwa urahisi, na bado hujahesabu tiketi ya kuingilia mchana. Mwaka 2024 Disney iliongeza Premier Pass, inayokupitisha haraka kwenye kila mchezo mara moja bila kupanga saa, na kwa Magic Kingdom msimu wa sikukuu ilifika dola 449, tiketi ya mlangoni kando. Mbele ya bei hiyo, After Hours inaanza kuonekana kama ya mtu mwenye busara.

Jambo linalobadilisha hesabu kabisa ni hili: tiketi ya After Hours haihitaji tiketi ya mchana. Nayo inakuruhusu kuingia saa moja jioni. Bustani ikifungwa saa nne, una saa tatu za kawaida, fataki zikiwemo, kisha saa tatu za tukio lenyewe. Jumla ni saa sita kwa tiketi moja. Kwa hiyo mahali pake pazuri ni siku ya kufika. Ndege inatua mchana, mizigo inaingia hotelini, mnakula, mnapumzika, mnaingia saa moja. Hamkuteketeza tiketi ya siku nzima kwa nusu siku. Ukiinunua juu ya tiketi ya mchana ya siku ileile, umelipa mara mbili, na kufikia saa tano usiku miguu haitaki tena. Hilo ndilo kosa la kwanza kwa ukubwa, na wanaolifanya ni wengi kuliko wote.

Ila ushauri wa siku ya kufika unategemea umetoka upande gani wa dunia. Anayetoka California yuko nyuma ya Florida kwa saa tatu. Saa saba usiku kwake ni saa nne, bado yu macho. Anayetoka Uingereza yuko mbele kwa saa tano; ile saa saba mwili wake unaihesabu kama alfajiri ya saa kumi na mbili, na hajalala. Huyo aiweke mwishoni mwa safari, usiku wa sita au wa saba, mwili ukishazoea.

Vya kula vimo: bisi, aiskrimu za kijiti, soda na maji ya chupa, vyote bila malipo kwenye vibanda vilivyowekwa alama. Usivipe uzito. Ukila aiskrimu mbili na soda mbili umerudisha labda dola 20, nazo zimekula dakika za mchezo mzima ukisimama kibandani. Chukua maji, chukua bisi, kula ukitembea.

Kati ya bustani za Disney za Florida zenye After Hours, kwa maoni yangu Hollywood Studios ndiyo inayolipa zaidi. Haina michezo mingi, lakini karibu kila uliopo una foleni mbaya mchana: Slinky Dog Dash, Rise of the Resistance, Tower of Terror. Tofauti kati ya mchana na usiku ni kubwa mno. Magic Kingdom ina michezo mingi kuliko zote, zaidi ya 20 huwa wazi usiku huo, na inafaa kwa familia yenye watoto wa kimo tofauti. EPCOT ni ya wapenda roli kosta, zile treni za kasi, na hasa ni moja iitwayo Cosmic Rewind, ambayo huchagua wimbo mmoja kati ya sita kila safari. Kuna watu huipanda mara tano usiku mmoja wakiwinda wimbo ambao hawajausikia, na siwacheki. Nje ya huo na miwili mitatu mingine, usiku wa EPCOT ni wa kutembea sana.

Kabla ya kulipa, pima kimo cha mtoto. TRON inataka sentimita 122, Space Mountain 112, Cosmic Rewind 107, Seven Dwarfs 97. Pima akiwa na viatu atakavyovaa, kwani ndivyo watakavyompima mlangoni. Mtoto wa sentimita 95 hukatazwa ile michezo ambayo ndiyo sababu ya kulipa dola 175, na anayoruhusiwa mingi ungeipata asubuhi kwa foleni ya dakika kumi. Isipokuwa Peter Pan's Flight. Jahazi lake linabeba watu wawili au watatu tu, na kwa ajili hiyo foleni yake huwa ndefu. Wazazi wanaweza kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wa pili anapita bila kupanga foleni upya. Mwombeni mfanyakazi wa mlangoni kabla ya kuingia foleni. Ukishafika mbele umechelewa.

Sherehe nazo

Hizi zina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Bustani ya Knott's, huko Buena Park, California, ilianza usiku wake wa vitisho mwaka 1973. Sherehe ya Krismasi ya Magic Kingdom ilianza 1983, ya Halloween 1995, kila moja usiku mmoja tu. Leo ni makumi ya usiku, na ya Halloween huanza Agosti, jua likiwa bado linachoma.

Tiketi ya sherehe ya Halloween ya 2025 ilianzia dola 119 hadi 229. Gwaride ni lilelile, fataki ni zilezile, pipi ni zilezile. Unacholipia kwenye ile 110 ya juu ni tarehe. Kwa watu wanne tofauti ni dola 440, na sijaona gwaride lenye thamani hiyo kwa sababu tu linapita usiku wa Halloween yenyewe, tarehe 31 Oktoba. Lakini usiku wa bei ya chini unaangukia Agosti na Septemba, wakati wa radi za alasiri na katikati ya msimu wa vimbunga, unaoanza Juni mosi na kwisha Novemba 30. Gwaride hufutwa likikutana na mvua kubwa, na tiketi hazirudishwi wala hazihamishiki. Anayeogopa hasara atafute siku ya katikati ya wiki mapema Oktoba, alipe bei ya kati.

Sherehe hiyo hufunguliwa rasmi saa moja jioni hadi saa sita usiku, lakini tiketi inakuingiza tangu saa kumi alasiri. Zile saa tatu za mwanzo ndizo za michezo, na za chakula cha jioni. Kuanzia saa moja, acha michezo kabisa mpaka umalize yale usiyoweza kuyapata siku nyingine. Gwaride huwa mara mbili, kwa kawaida karibu saa tatu na robo na tena saa tano na robo. Chagua la pili. Wenye watoto wadogo wameshaondoka, na unaweza kufika dakika 15 kabla ukasimama ukingoni mwa barabara, ambapo la kwanza lingetaka saa nzima ya kukaa sakafuni. Hatari ni kwamba mvua ikilifuta la pili hakuna la tatu. Ukiona mawingu yanakusanyika, nenda kwenye la kwanza.

Foleni za wahusika ndizo zinazomeza sherehe ya mtu. Wale vibeti saba wa hadithi ya Snow White huonekana wote pamoja usiku huo, na watu huanza kuwapangia foleni kabla ya sherehe kufunguliwa. Jack Skellington na Sally, wa filamu ya The Nightmare Before Christmas, vivyo hivyo. Kupiga picha nao kunaweza kula saa moja na nusu kati ya tano ulizolipia. Mimi ningechagua mhusika mmoja, nijipange saa kumi na moja na nusu jioni, kisha wengine wote niwasalimie kwa mbali wakipita kwenye gwaride. Pipi hazina foleni ya maana baada ya saa nne na nusu usiku, na wakati huo wagawaji hutoa kwa kiganja kizima.

Mavazi ya kuigiza kwa watu wazima yanaruhusiwa usiku wa Halloween, lakini aliyetimiza miaka 14 havai barakoa ya kuigiza, na vazi halipaswi kuburura chini. Wanaorudishwa getini kubadilisha ni wale wenye magauni ya kuburura.

Halloween Horror Nights ya Universal, mshindani wa Disney, iliyoanza Orlando mwaka 1991 kwa jina jingine, ni kundi la peke yake. Huko huuziwi upweke hata kidogo. Ni umati, moshi na kelele, na Universal wenyewe hawaipendekezi kwa walio chini ya miaka 13. Nyumba za vitisho ni kumi, kila moja ni matembezi ya dakika chache, na Jumamosi ya Oktoba foleni ya nyumba moja inaweza kupita dakika 90. Express ya kukwepa foleni hizo huuzwa kando, na usiku wa kilele hupita bei ya tiketi yenyewe. Asiyenunua Express aende Jumatano au Jumapili. Njia nzuri zaidi ni kuwa ndani tayari na tiketi ya mchana pamoja na ya usiku: bustani ikifungwa unabaki kwenye maeneo maalumu ya kusubiria, na baadhi ya nyumba hufunguliwa kwa walio ndani kabla ya lango kuu. Nyumba mbili au tatu kabla ya umati kuingia zina thamani kubwa kuliko nne za baadaye.

Kabla ya kutoa kadi, angalia unachomiliki tayari. Wageni wa hoteli zote za Disney huko Florida huingia dakika 30 kabla ya wengine kila siku. Wa hoteli za daraja la juu hupewa pia saa mbili za ziada usiku, kwa kawaida mara moja kwa wiki Magic Kingdom na mara moja EPCOT, ilimradi wana tiketi ya siku hiyo. Aliyelipa hoteli ya namna hiyo kisha akanunua After Hours ya bustani ileile amelipia kitu ambacho yumkini kiko kwenye bili yake. Na kuna mlango wa nyuma kwa asiye na pesa ya ziada: siku za sherehe, Magic Kingdom hufungwa kwa wageni wa mchana saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa wengi hawataki kukosa fataki, hawaji. Mchana huo foleni hulegea. Ukiridhika kuondoka bila fataki, umepata sehemu ya nafasi ile kwa bei ya tiketi ya kawaida.

Mambo yanayoharibika usiku ni mawili. Radi ikikaribia, michezo ya nje hufungwa yote: Slinky Dog, TRON, Seven Dwarfs. Siku ya saa 12 unasubiri ipite. Kati ya saa tatu ulizonunua, dakika 50 za radi ni zaidi ya robo. Kaa karibu na michezo ya ndani hadi mbingu itulie, wala usisubiri chini ya mwavuli mlangoni kwa Slinky Dog. Jingine ni mchezo kuharibika. Rise of the Resistance husimama mara kwa mara, kwani ni mitambo mingi iliyounganishwa kama mnyororo. Ukiukuta wazi saa nne na nusu, panda hapohapo. Ukikosa mchezo mkubwa kwa usiku wote, pita idara ya wageni karibu na lango kabla ya kutoka. Hawawajibiki kukupa chochote, ila anayeuliza kwa upole hupata zaidi ya anayelalamika kwa barua wiki mbili baadaye.

Namna ya kuzitumia zile saa tatu basi. Nusu saa ya kwanza usiende kwenye mchezo mkubwa wowote. Waliojipanga saa nne kasoro dakika moja wana haki ya kupanda, kwa hiyo foleni ya mchana bado imo ndani hata kama lango limefungwa. Anza na ya kati iliyo mbali na lango, maana wanaoondoka wote wanaelekea upande mwingine. Katikati fanya duara moja la bustani bila kurudi nyuma. Kuvuka Magic Kingdom kutoka pembe hadi pembe huchukua dakika kumi au zaidi, sawa na mchezo mmoja. Mchezo mkubwa unaoupenda uachie mwisho. Ukiingia foleni dakika mbili kabla ya saa saba, utapanda, hata kama utashuka saa saba na robo. Mabasi ya hoteli huendelea baada ya kufungwa, hivyo usikimbie kituoni pamoja na kundi la kwanza. Keti kidogo, fungua viatu, umati ule ukishasombwa basi linalofuata lina viti.